Mizinga kwenye gemu ya majoka: demeji iwe kitu cha mwisho kufikiria

Kuna ubishi upo karibu kila meza ya D&D niliyowahi kukaa (D&D, yaani Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kutupa dadu), kwamba ukishaingiza baruti kwenye dunia ya fantasia umeiua, mapanga yanakosa kazi, mchawi anakosa thamani, joka linakuwa kitoweo tu. Mi naendesha kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa vikao vingi, yenye mizinga kwa muda sasa, dunia ya pwani, miji ya mawe ya matumbawe na majahazi na masultani wanaogombania bandari, na nasema bila kupepesa macho kwamba mizinga haijaua kitu. Imefanya wachezaji waanze kuuliza maswali ambayo zamani walikuwa hawaulizi, ile barabara ina daraja au hamna, mvua itanyesha lini, nani anailinda ile ghala, ng'ombe tutawapata wapi. Kwangu mimi meza ikianza kuuliza maswali ya hivyo, kampeni imeshika.

Ila uingize mzinga wenyewe, ule mzito wenye tabu zake zote. Wengi wanaanzia kwenye demeji, yaani madhara ambayo silaha inamfanyia adui, wanafungua kitabu wanatafuta namba, na namba zipo kweli. Kitabu cha mwongozaji, yaani yule anayeendesha mchezo, cha toleo la tano, kile cha 2014, kina mzinga kwenye silaha za kuzingira miji: ulinzi 19 (ndo namba ya kufikia ili uupige), uhai 75, unalenga vizuri hadi futi 600 na kwa taabu hadi 2,400, demeji yake dadu 8 za pande 10, wastani 44. Sasa chukua fayaboli, lile tufe la moto la mchawi, dadu 8 za pande 6, wastani 28, inafika futi 150 tu ila inaunguza kila aliye ndani ya futi 20 kutoka inapotua. Ukizipanga hizo namba mbili pembeni kwa pembeni unaona mzinga ni fayaboli inayofika mbali zaidi, basi, na wachezaji wataitumia hivyohivyo, kila pigano watataka kupiga, na mwongozaji ataanza kujuta.

Lakini angalia muda. Kitabu hichohicho kinasema kupakia ni tendo moja, kulenga tendo moja, kufyatua tendo moja, na kila mtu ana tendo moja kwa raundi, yaani mzunguko mmoja wa zamu. Kwa hiyo watu watatu wakisimama kwenye mzinga mmoja wanapiga kila raundi, na raundi ni sekunde 6, yaani mara 10 kwa dakika! Hamna mzinga wa kupakiwa mdomoni uliowahi kufanya hivyo. Hata karne ya 18, kwenye meli ya kivita yenye watu waliozoea kazi yao kama kula, dakika moja na nusu hadi mbili kwa mzinga mkubwa ilikuwa kasi ya kujivunia. Dakika moja na nusu ni raundi 15, na mapigano mengi ya D&D yanaisha raundi ya nne au ya tano. Hesabu hiyo ndo imebadilisha kila kitu kwenye meza yangu, kwa sababu ukiifuata mzinga unapiga mara moja kwenye pigano, mara moja tu, halafu umebaki chuma kizito chenye moshi na watu kadhaa wanahangaika pembeni yake huku adui anakuja mbio.

Hapo ndo utamu ulipo, ule muda wa kati ya mlio na mlio.

Kwenye meza nimepunguza, sitaki raundi 15 mtu asinzie mezani, nimeweka hatua 6 na kila hatua raundi moja. Kwanza unasafisha mtutu kwa mti wenye kitambaa kilicholowa, na hii wachezaji wengi hawaijui, kwamba ndani kunabaki vipande vinavyofuka na ukimwaga baruti juu ya kaa linalowaka unamuua mshindiliaji wako mwenyewe. Halafu baruti, halafu kushindilia, halafu tufe, halafu kulenga pamoja na kumwaga baruti laini kwenye tundu la kuwashia, halafu utambi. Aliyewahi kumwona mwindaji wa bara na gobore lake anaelewa mpangilio wote huu bila kufundishwa, mzinga ni gobore la watu 8. Na kila hatua nampa mchezaji achague, ufanye salama au uharakishe, ukiruka kusafisha unaokoa raundi moja ila kuanzia hapo dadu ya pande 20 ikitoa 1, 2 au 3 kuna kitu kinatokea na sio kitu kizuri. Meza nzima inanyamaza pale mtu anaposema "naruka, pakia hivyohivyo".

Na wala siwatishii bure. Mwaka 1460 mfalme James II wa Scotland alikuwa anaizingira ngome ya Roxburgh, alikuwa anapenda mizinga kweli, akasimama karibu na mmoja wakati unapigwa, ukapasuka, akafa palepale. Mfalme mzima, kwenye vita ambayo watu wake walikuja kuishinda. Kwa hiyo mchezaji akiniambia ni uonevu mhusika wake wa leveli (ngazi ya nguvu) ya 9 kudhurika na mzinga wake mwenyewe, namwambia hata wafalme hawakusalimika.

Sasa nije kwenye hadithi ambayo naiona ndo kampeni bora iliyowahi kuandikwa na historia yenyewe, Konstantinopoli (Istanbul ya leo) 1453. Kuna fundi mmoja Mhungari, Orban, kazi yake kusubu mizinga. Alienda kwanza kwa mfalme wa Konstantinopoli mwenyewe, akamwambia nina ujuzi huu, nilipe. Mfalme hana hela. Hazina imekauka, hata ule mshahara mdogo aliomuahidi haufiki. Fundi akaondoka akaenda kwa sultani Mehmed II, kijana wa miaka ishirini na kidogo, na sultani akampa alichotaka na zaidi. Kule Edirne akasubu mzinga mkubwa, unasimuliwa kuwa na urefu wa karibu mita 8, tufe lake la jiwe uzito zaidi ya nusu tani, na kuuburuta hadi mbele ya kuta za mji, mwendo wa kama kilomita 230, inasimuliwa walitumia ng'ombe 60 na mamia ya watu, na mafundi walitangulia kuimarisha barabara na madaraja. Ukishafika ukawa unapiga mara 7 hivi kwa siku. Kwa SIKU.

We mwongozaji unayesoma hapa, hesabu humo kuna visa vingapi vya kucheza. Fundi hajalipwa na bado yupo mjini, je wachezaji watamtafutia hela kabla hajaondoka? Kashaondoka, wamfuate njiani, wamrudishe kwa maneno au kwa nguvu? Mzinga upo barabarani miezi miwili, unatambaa, ng'ombe wanachoka, kuna mto mbele, daraja lile likikatwa usiku mji unapata wiki nyingine ya kupumua. Mzinga ushafika, unapiga mara 7, kwa hiyo kuna saa nyingi za kutoka nje ya ukuta na kuufikia. Na usiku ndo kazi yenyewe, kwa sababu wenye mji walikuwa wanatoka gizani kuziba mianya kwa mbao, udongo na mapipa yaliyojazwa mchanga, na ule udongo laini ulimeza matufe kuliko hata mawe yenyewe. Mzingiro ulianza tarehe 6 Aprili ukaisha 29 Mei, wiki saba na zaidi za mchana kubomolewa na usiku kujenga. Nimewahi kuwapa wachezaji kikao kizima cha kuziba ukuta usiku, hamna adui wa kumchoma panga, ni udongo na mbao na watu wa mtaa waliochoka, na yule mchawi wa kundi akaishiwa nguvu zake zote kwa kuinua mawe, na asubuhi mzinga ukapiga palepale na ukuta ukasimama. Walishangilia kuliko siku waliyoua joka.

Kwa hiyo hii ndo kanuni yangu kubwa kuliko zote, mzinga usiuweke kwenye orodha ya silaha, uweke kwenye ramani. Ni mahali. Una barabara inayoingia na inayotoka, una ghala lake la baruti mbali kidogo, una watu wanaokula na kulala, una fundi mkuu mwenye tabia zake. Na upe jina, mizinga mikubwa ya zamani ilikuwa na majina, ule wa Scotland, Mons Meg, mpaka leo upo Edinburgh na watu wanautaja kama wanamtaja mtu. Kwenye kampeni yangu kuna mmoja unaitwa Mama Radi na wachezaji wanauogopa kuliko jini yeyote niliyewahi kuwaletea.

Baruti sasa. Hapa naomba univumilie maana hapa napapenda sana.

Baruti ni vitu vitatu, shura, mkaa na kibiriti upele, na ule mchanganyiko uliokuja kuzoeleka ni kama 75 kwa 15 kwa 10. Mkaa kila mtu anao. Kibiriti upele unakitoa kwenye milima ya volkano, na kwenye dunia yako volkano ina mwenyewe, lipo joka, au majitu ya moto, kwa hiyo hapo ushapata kisa bila kutoa jasho. Lakini shura ndo roho ya mambo yote, robo tatu ya mzigo ni hiyo, na shura inatoka kwenye vitu ambavyo hakuna mshairi anaviimba, mavi ya wanyama, mkojo, udongo wa mazizi ya zamani. Uingereza ya karne ya 17 kulikuwa na watu wenye kibali cha mfalme kuingia kwenye zizi lako au banda lako la njiwa wakachimba sakafu wakachukua udongo wenye shura, upende usipende, na wananchi waliwachukia vibaya sana. Baadaye Wazungu wakawa wanaibeba kwa meli kutoka India, hasa Bihar, maana kule ilikuwa nyingi na nzuri.

Weka hao watu kwenye kampeni yako! Kijiji kizima kimeamka, wamekuja askari wa sultani wanavunja sakafu za mazizi. Wachezaji wako upande gani? Sultani anataka baruti kwa sababu mji unazingirwa, wanakijiji wanataka mazizi yao, na hapo hamna mwenye pembe wala mkia wa kusema huyu ndo shetani mchome. Au pango la popo lenye vinyesi vya miaka elfu, falme mbili zinapigana kwa ajili ya hilo pango na wageni wakiuliza wanaambiwa ni pango takatifu. Hiyo ni siasa tayari, na imetoka kwenye chombo kimoja cha chuma.

Halafu bei. Kitabu kinasema kipipa cha baruti, pauni 20 au kama kilo 9, ni dhahabu 250. Mzinga wa kati wa tufe la kilo 11 hivi unakula kama nusu ya kipipa kwa mlio mmoja, kwa hiyo kila ukisikia bum ujue dhahabu 125 zimepaa, na kitabu hichohicho kinamlipa fundi mwenye ujuzi dhahabu 2 kwa siku. Mlio mmoja ni mshahara wa fundi wa miezi miwili. Wachezaji wakishaijua hiyo hesabu hawapigi hovyo, wanajadiliana, mmoja anasema tusubiri waingie kwenye kivuko, mwingine anasema tukisubiri tumechelewa, na hata sijawakataza chochote.

Najua swali linalokuja, kuna kundi litajaza mfuko wa kichawi vipipa vya baruti na kuupeleka chini ya kitanda cha mfalme. Kitabu kinaupa kipipa kikilipuka dadu 7 za pande 6 kwa kila aliye ndani ya futi 10, na ule mfuko unabeba pauni 500, kwa hiyo vipipa 25 vinaingia, na mtu atakuja na kikokotoo anakwambia mzee baba hizo ni dadu 175. Mi siwakatazi. Ninawauliza tu mmevipata wapi vipipa 25 kwenye nchi ambayo sultani anahesabu kila ratili ya shura, nani aliwaona mkinunua, nani kawauliza mnavipeleka wapi, maana dhahabu 6,250 za baruti hazinunuliwi kimya. Na mlipuko wenyewe nauhesabu kama mlipuko mmoja mkubwa unaobomoa jengo, siwarundikii dadu kama karanga. Wakifanikiwa, wamefanikiwa, ila tangu siku hiyo hakuna mji utawafungulia lango bila kukagua mizigo yao.

Mzinga wenyewe kwenye mfuko hauingii, uzito wake ni zaidi ya tani. Hiyo nayo ifahamike mapema.

Kitu kilichonifanya niipeleke kampeni yangu pwani na nisibaki kwenye majumba ya kifalme ya Ulaya ni kisa cha Mombasa 1505. Wareno chini ya Francisco de Almeida wameshapita Kilwa mwezi wa saba, wanafika Mombasa mwezi wa nane, na wakiwa wanaingia mlangoni mwa bandari wanapigwa na mizinga. Wenyeji wana mizinga! Wameitoa wapi? Miaka michache kabla meli moja ya Wareno wenyewe, ya msafara wa Cabral, nahodha wao aliyetangulia, ilikwama na kupotea huku pwani ya kwetu, na watu wa Mombasa wakaiokoa mizinga yake baharini wakaipanga kwenye boma la kulinda mlango. Nikifikiria hao wapiga mbizi kila mara nasisimka, wanafunga kamba kwenye chuma cha adui chini ya maji, wanakivuta, wanakisugua, wanajifunza kukitumia. Ila mwisho wake unauma, tufe la Wareno likaangukia baruti iliyokuwa ndani ya lile boma, ikalipuka, walinzi wakakimbia, meli zikapita na mji ukaja kuchomwa na kuporwa.

Kisa hicho kina kila kitu anachohitaji mwongozaji. Wachezaji wa leveli ya 3 hawana hela ya mzinga, ila wana pumzi, wana kamba na wana mtu mwenye uchawi wa kupumua majini, basi kampeni inaanza na meli iliyozama. Chini kuna papa, kuna mzimu wa nahodha, sawa, lakini zawadi yenyewe ni tani mbili za shaba ambazo hazina baruti wala mtu anayejua kuzipakia. Vikao vinavyofuata vyote vinajiandika. Na kosa la ghala la baruti kukaa wazi karibu na mizinga, waache wachezaji wapange boma wenyewe, usiwaambie kitu, chora tu ramani na uwaulize vipipa mnaviweka wapi.

Mizinga ya ukanda wetu ilisafiri sana kwa jinsi hiyo, hii nayo nimeitumia. Ile ya shaba iliyowekwa mbele ya Beit al-Ajaib kule Unguja ni ya Wareno kwa asili, Waajemi waliiteka Hormuz, kisiwa cha mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi, mwaka 1622, na ikaja kuishia Zanzibar. Mzinga mmoja unaweza kuwa na wenyewe watatu wanne na maandishi ya kila mmoja juu ya mtutu, na kwenye dunia yenye uchawi kila mwenyewe anaacha zaidi ya maandishi. Mama Radi ana dua ya kila sultani aliyemmiliki, na zingine zinapingana.

Kuta nazo zibadilishe. Ukiweka mizinga halafu ukaacha yale maghorofa membamba marefu ya ngome za hadithi, mchezaji makini atakuuliza hizi zimesimamaje mpaka leo. Baada ya Wafaransa kushuka Italia 1494 na mizinga ya shaba ya kukokotwa kwa farasi, wajenzi wa Italia walianza kujenga kuta fupi, nene, zenye pembe zinazochomoza ili kila upande wa ukuta uangaliwe na mzinga wa upande mwingine, pasiwepo kona ya adui kujificha. Na mfano wake tunao, hatuna haja ya kwenda mbali, Fort Jesus ilichorwa na Muitalia, Giovanni Battista Cairati, ikajengwa kuanzia 1593. Ukiipata ramani yake ukaiweka mezani kama ilivyo, na zile pembe zake nne, wachezaji wataelewa ndani ya dakika tano kwa nini hapavamiki kirahisi. Mimi mbinu yangu ni kuwa na miji ya aina mbili kwenye ramani moja, ya zamani yenye minara mirefu ambayo bado inategemea wachawi, na ile iliyokwishajenga upya, na tofauti hiyo inakwambia nani ana hela, nani ana hofu, nani anadharau habari za ng'ambo.

Na Fort Jesus inafundisha pia kwamba kuta nzuri hazimalizi vita. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani maradhi na njaa ndo viliwamaliza. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama palepale chini ya ngome 1697. Kama unataka kampeni ya mzingiro usiiendeshe kwa kuhesabu mashimo ya ukutani tu, hesabu maji, hesabu mchele, hesabu nani anaumwa. Mganga wa kundi atakuwa mtu wa maana kuliko mpiganaji na ataifurahia nafasi hiyo, maana mara nyingi anaachwa kuziba majeraha ya wenzake.

Sasa uchawi. Watu wanauliza kama mchawi yupo mzinga wa nini. Mchawi anasoma miaka, ana kiburi, anaweza kukataa amri, na akifa hakuna wa kumrithi mpaka miaka mingine ipite. Wapiga mizinga unawafundisha kwa miezi, mmoja akianguka mwingine anashika utambi. Sultani mwenye mizinga 20 halazimiki kumnyenyekea mkuu wa chuo cha wachawi, na mkuu wa chuo analijua hilo vizuri sana. Kampeni yangu nzima kwa sasa inazunguka hapo, wachawi wanataka shura ipigwe marufuku kwa kisingizio cha dini, na kwa upande mwingine wao peke yao ndo wanaweza kuilinda baruti isilowe wala isilipuke. Maana uchawi mdogomdogo ndo adui mkubwa wa mzinga. Ule wa leveli ya kwanza wa kuumba maji unatosha kuiharibu baruti iliyoachwa wazi. Ule mkono wa kichawi wa wanaoanza unaweza kusogeza utambi kutoka futi 30. Cheche moja ikifika ghalani hakuna cha kuzungumza. Wachezaji wangu wenye uchawi wa leveli ya chini wamepata kazi ambayo fayaboli haiwapi.

Na joka? Joka jekundu la makamo lina uhai 256, linaruka futi 80 kwa raundi, na mzinga hauelekezwi juu hivyohivyo, tena kwa hatua 6 za kupakia umelikosa kabla hujalenga. Kwangu nimeamua mzinga wa ngome haupigi kitu kilicho hewani, basi. Lakini joka lina akili, na linachokitafuta kwenye mji wenye mizinga ni ghala la baruti. Ndo maana kwenye dunia yangu maghala yote yako chini ya ardhi, yana milango miwili, na mahali yalipo ni siri ambayo watu wanauawa kwa ajili yake, na jasusi wa joka ni mtu kama wewe tu, anauza samaki sokoni na anaangalia punda gani wanaelekea wapi.

Baharini nina uamuzi mmoja ambao wachezaji walibishia sana mwanzoni. Mtepe, ile merikebu ya kushonwa kwa kamba bila misumari, haubebi mzinga mkubwa. Ukipiga, mzinga unarudi nyuma kwa nguvu zote na mishono inaachia, kila mlio natupa dadu kuona maji yanaingia kiasi gani. Ila huohuo mtepe ukigonga mwamba unapinda na kuendelea pale ambapo jahazi la misumari lingepasuka, na unapita kwenye maji mafupi yasiyofikiwa na meli za mizinga. Kwa hiyo watu wa mtepe wanapigana kwa kujua miamba na maji kupwa na kujaa, wanazivuta zile meli nzito mpaka zikwame, halafu wanasubiri bahari ikauke chini yake.

Bunduki za mkononi bado sijaziingiza na kwa kampeni hii sitaziingiza. Nataka baruti ibaki kitu cha mji, cha sultani, cha watu wengi pamoja, mchezaji asiweze kuitia mfukoni akaondoka nayo. Akitaka kupiga mzinga itabidi azungumze na mshindiliaji, na mwenye ng'ombe, na yule mama anayepika chakula cha kikosi ambaye ndo anajua kwa uhakika vipipa vimebaki vingapi. Demeji naiacha palepale ilipokuwa kitabuni, dadu 8 za pande 10, sijaigusa kabisa.